Windows 10 imefika mwisho, mashine bado nzima: nilivyoamua mimi hapa Lamu

Nina kiduka cha fotokopi na kuchapisha hapa Langoni: kompyuta mbili, printa moja yenye skana, na benchi nje kwa wanaongoja. Ya mezani ni ya zamani, prosesa yake Core i5 ya kizazi cha 6. Ya pili ni laptopu ya ex-UK, yaani ya mtumba kutoka Uingereza, Core i5 ya kizazi cha 8, memori GB 8. Zote zilikuwa na Windows 10, na mwaka jana zote zikaanza kunitolea ule ujumbe kwamba ikifika tarehe 14 Oktoba 2025 masasisho ya usalama ya bure yanakoma. Wenzangu wenye maduka wananiuliza kila wakipita nilifanyaje, nami nimechoka kusimulia huku mteja anangoja karatasi zake. Basi nimeyaandika.

Nianze na kosa langu. Windows 7 ilipokatiwa huduma, Januari 2020, nilijifanya sikusikia. Mashine inawaka, inachapisha, nataka nini tena? Nikakaa nayo zaidi ya mwaka. Sasa, kazi ya duka kama hili ni flashi za watu. Kwa siku zinaingia ishirini, thelathini, na kila moja imetoka usikokujua. Siku moja akaja mwalimu na flashi ya mitihani ya muhula. Nikaichomeka, nikamchapishia, akaenda zake. Alasiri karudi, uso si ule wa asubuhi. Faili zake zote zimekuwa njia za mkato, kila moja na kile kishale kidogo pembeni, ukibonyeza hakuna kitu. Kirusi kilikuwa kwangu, si kwake. Faili tulizipata, maana zilikuwa zimefichwa tu, lakini yeye mwenyewe sikumwona dukani miezi mingi. Na mji huu habari inafika Mkomani kabla wewe hujateremsha pazia la duka.

Kwa hiyo safari hii sikujiuliza kama nibadilishe. Nilijiuliza lini, na ipi ianze.

Juni haiwezekani. Mwisho wa kupeleka ritani za kodi kwa KRA, watoza ushuru wa Kenya, ni tarehe 30 Juni, na wiki ile ya mwisho watu wanakaa kwenye benchi mpaka Isha. Mfunguo Sita pia hapana: mabango ya Maulidi, ratiba, kadi za kualika, kila mtu anataka yeo yeo. Kubadilisha mfumo katikati ya msimu ni kama kukarabati jahazi liko baharini. Nikangoja wageni wa Maulidi waondoke, mji utulie, ndipo mwanzoni mwa Oktoba nikaishika laptopu.

Laptopu haikuwa na tatizo la masharti. Windows 11 inataka prosesa kutoka kizazi cha 8 kwa upande wa Intel, memori GB 4 kwenda juu, diski ya GB 64, na kile kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Ile programu ya Microsoft ya kupima ilikubali yote. Kabla ya kugusa kitu nilinakili kila faili kwenye diski ya nje, na kadi za harusi za miaka minane nikazinakili mara mbili. Faili ya kusakinishia ni zaidi ya GB 5, na bando langu ningelimaliza bure, basi mpwa wangu aliishusha Mombasa, akaitia kwenye flashi, ikaja na basi hadi Mokowe na boti hadi gatini. Ndiyo maana nacheka watu wanaposema mambo haya yanabonyezwa tu.

Nilianza baada ya Isha, betri imejaa. Umeme ulikatika mara moja. Ruta ilizima, laptopu haikujali. Baada ya saa mbili hivi ikawaka, faili zote mahali pake. Kitufe cha kuanzia kiko katikati, nikakirudisha kushoto kwenye mipangilio kwa sababu mkono umeshazoea. Ukibonyeza kulia menyu imefupishwa, lazima ubonyeze tena kupata iliyobaki. Hilo bado linaniudhi.

Jambo lililonisaidia zaidi hakuna aliyeniambia kabla. Ukipandisha toleo kwa njia hii, Windows 11 inakuwekea ile ya zamani kwa siku 10, ukitaka kurudi unarudi. Nilizifanya siku za majaribio kwelikweli. Kila kazi ya duka niliipitisha humo: kitambulisho pande mbili, kadi ya harusi yenye maandishi ya Kiarabu, hati ndefu ya mwanafunzi. Siku ya pili nikakwama. Printa inachapisha, skana haisomi. Ni printa ya mwaka 2012, na aliyeitengeneza hakuiandikia programu mpya. Saa mbili za usiku huo nilikuwa na kidole juu ya kitufe cha kurudi nyuma.

Kisha nikaona nafikiri kinyume. Kama printa haitaki mfumo mpya, ibaki na mashine ya mezani ambayo yenyewe haiendi popote. Nikaichomeka huko, nikaishirikisha kwenye wifi ya duka, laptopu ikawa inatuma kazi kupitia mwenzake. Kusoma karatasi kunafanyika mezani. Ukiuliza nani aliamua kompyuta ipi ihame na ipi ibaki, ilikuwa printa.

Hiyo ya mezani ilikuwa na kisa chake. Programu ya kupima iliikataa palepale. Nikamwita fundi, kijana hodari. Akaniambia, "Ami, naipitisha dirishani, elfu moja na mia tano tu, kesho una Windows 11."

"Na masasisho yatakuja?"

"Yaweza kuja, yaweza yasije."

Alisema kweli. Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyokidhi masharti haina hakika ya kupata masasisho. Sasa mimi nahama kwa ajili ya masasisho, nikalipe elfu moja na mia tano nikayabahatishe? Nikamwambia, "Acha hilo, hebu ifungue kwanza."

Ndani kulikuwa Lamu tupu. Vumbi laini limegandamana kwa chumvi ya kusi, skrubu mbili zina kutu, feni imevaa manyoya. Alichomoa vipande vya memori, akachukua kifutio cha penseli cha mwanangu na kusugua meno yake polepole mpaka yakang'aa, akapuliza, akarudisha. Kisha akatoa ile diski ya kuzunguka na kutia SSD ya GB 240, diski ya kasi isiyozunguka. Kabla ya hapo ukiwasha unangoja dakika nne kabla ya kufungua chochote. Sasa ni nusu dakika. Kuna mzee wa mtaani anayekuja kila mwezi na fomu zake. Alikuwa akifika anaagiza kahawa, anaimaliza, ndipo mashine iwe tayari. Safari hii alitia mato kwenye skrini akasema, "Yeo hata kahawa sikuwahi kuagiza." Wengi wanaoulaumu mfumo wa zamani wangebadilisha diski kwanza.

Windows 10 yake ikabaki, lakini si bila ulinzi. Kuna mpango wa kuongezewa masasisho ya usalama kwa kompyuta za watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au pointi 1,000 za zawadi za Microsoft, au hulipi kitu ukikubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio yako huko. Mimi nilichukua hiyo ya bure. Inabidi iwe toleo la 22H2, lile la mwisho la Windows 10, lakini ukiwa unaapdeti kama kawaida utakuwa unalo.

Kitu wanachosahau watu ni Office, zile Word na Excel. Ya 2016 na ya 2019 zilikatiwa huduma siku ileile na Windows 10. Mezani nimeweka LibreOffice, ya bure, na inafungua karibu kila kitu, ila hati za wateja mistari inasogea kama fonti haipo. Naangalia kurasa moja moja kabla ya kuchapisha.

Swali lililobaki ni baada ya hiyo Oktoba 2026. Nimeijaribu mezani Linux Mint, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kusakinisha. Ikaiona printa, na ajabu, skana pia ikasoma, ileile iliyonikatalia kwenye laptopu. Sijaisakinisha. Flashi iko kwenye droo, nimeibandika plasta yenye jina. Juni ni ya KRA, na mwaka huu Mfunguo Sita unaangukia Agosti na kuingia Septemba kidogo, kwa hiyo nimeandika ukutani juu ya soketi: nusu ya pili ya Septemba, mezani.