Bunker ya NRL: kwenye laini nyota tano, kwenye kuziba njia nyota mbili tu

Kwa wasioijua, Bunker ni chumba cha marefa wa video wa NRL, ligi ya Australia ya raga ligi, ile ya wachezaji 13. Kiko Sydney, kimeanza kazi 2016, na mechi ichezwe uwanja wowote picha zinaangaliwa humo humo. Nimeifuatilia misimu mingi na naona watu wanaitukana yote kwa jumla wakati ina kazi mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kuona. Mguu umegusa laini ya pembeni au bado? Mpira umekandamizwa chini nyuma ya laini ya wapinzani, yaani trai, bao la raga, au ulishamtoka mkononi? Hapo wako vizuri sana, wanasimamisha picha, wanabadili kamera, jibu linatoka. Halafu tangu 2020 kapteni anaweza kupinga uamuzi wa refa, akiwa sahihi nafasi yake inabaki, akikosea imeenda, na hiyo naipenda mno kwa sababu inambana kapteni asipinge ovyo.

Ya pili ni kutafsiri sheria, hasa ya kuziba njia, na hapo ndo panaponiuma. Sheria iliyoandikwa inasema ni kosa kumzuia kwa makusudi mpinzani asiye na mpira. Kwa makusudi! Sasa angalia wanavyohukumu, wanatazama yule mkimbiaji wa kuzuga, anayekimbia bila mpira kuwahadaa mabeki, kasimama wapi kwenye laini ya ulinzi, kagusa bega gani la beki, mwenye mpira kaupokelea upande gani wa huyo wa kuzuga, basi, nia haiulizwi. Naelewa sababu, nia haionekani kwenye skrini na wanataka kipimo kimoja kwa mechi zote, lakini ndo hivyo trai safi inafutwa eti beki kaguswa, beki ambaye hata angeachwa huru asingemfikia mtu. Mechi nyingine tukio karibu lile lile utasikia beki alichagua mwenyewe kumkaba wa kuzuga, trai inasimama. Sasa kocha afundishe nini?

Pasi ya mbele, yaani kuurusha mpira mbele kwa mkono, ambayo ni kosa, Bunker ilikatazwa kuigusa toka mwanzo na mi naunga mkono. Sheria inaangalia mpira umetokaje mkononi, sio umetua wapi, na mtu akiwa kwenye kasi anaweza kutupa nyuma kabisa na bado mpira ukasogea mbele ukiupima na nyasi, kamera ya pembeni itakudanganya tu.

Ila tusiisingizie Bunker kila kitu. Skramu, pale wachezaji wa timu mbili wanapoinama na kushikana kugombea mpira, kitabu kinataka mpira uingizwe katikati, kila timu inauingiza miguuni kwa wenzao na filimbi hailii. Na Mei 2021 sheria ya kukaba juu, kichwani au shingoni, haikubadilika hata herufi, wakubwa wa ligi wakaagiza tu ikazwe, wikiendi ile ya Magic Round, raundi ambayo mechi zote zinachezwa uwanja mmoja, kule Brisbane wachezaji wakawa wanatolewa nje mmoja baada ya mwingine. Kichwa cha mtu lazima kilindwe, sina ubishi, ila agizo kama lile litoke kabla msimu haujaanza, sio katikati.

Jumla naipa tatu. Ya nne wataipata siku refa wa video akifuta trai kwa kuziba njia atataja beki gani alizuiwa na angemkaba nani, kama hawezi kumtaja basi trai ihesabiwe.