Siku nne za sindano ya terlipresini: nilichopitia na nilichoelewa

Nilitapika damu saa nane usiku, karibu beseni zima. Kwa siku mbili kabla ya hapo choo kilikuwa cheusi kama lami na sikumwambia mtu. Hilo ninalijutia hadi leo. Nilijua ini langu lina makovu, ila sikujua kwamba makovu hayo yanaweza kunimwagisha damu.

Hospitalini, hata kabla ya kuingizwa kamera kooni, nesi alinichoma terlipresini kwenye mshipa, miligramu 2, kisha ikawa inarudiwa kila baada ya saa 4. Nilidhani ni dawa ya kugandisha damu. Sivyo kabisa. Damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwenye ini. Ini likikakamaa, damu hukwama, presha hupanda kwenye mshipa unaoileta, nayo hutafuta vichochoro, hasa vimishipa vya sehemu ya chini ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Vimishipa hivyo huvimba, na siku moja kimoja hupasuka. Terlipresini hubana mishipa inayopeleka damu kwenye utumbo, hivyo damu inayoelekea kwenye ini hupungua na presha hushuka. Tundu linabaki palepale. Kinachopungua ni msukumo. Ndiyo maana ndani ya saa chache nilipelekwa kwenye kamera, na vile vimishipa vikafungwa kwa vipira vidogo. Sindano ilininunulia muda wa kufika hapo.

Upande wa maudhi sitaficha. Kubana huko hakuishii tumboni. Midomo na viganja vyangu vilipauka, vidole vikawa baridi, tumbo likanikata na kuharisha kukafuata. Dada yangu alilia akiamini bado navuja damu ndani, na hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba kupauka kunaweza kuletwa na dawa yenyewe. Maneno mawili tu yangemtuliza.

Niliyoyaona yakifanywa vizuri: nilipimwa umeme wa moyo mwanzoni na kuulizwa kama nimewahi kubanwa na kifua, kwa sababu dawa hii inaweza kubana hata mishipa ya moyo. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliulizwa kama ni mjamzito. Kibanio cha kupima oksijeni hakikutoka kidoleni. Kila kabla ya dozi nesi alikagua kanula, kile kimrija kilichowekwa kwenye mshipa wa mkono, maana dawa ikivuja nje ya mshipa inaweza kuua ngozi. Ukisikia mkono unachoma, sema papo hapo, usivumilie.

Damu ilipokata, dozi ilishushwa hadi miligramu 1. Nilipewa pia antibayotiki, kwa kuwa ini bovu linapovuja damu maambukizi huwa karibu. Siku ya nne sindano ikasimamishwa. Sasa niko kwenye vidonge vya propranolo, vya kushusha presha ya mshipa huo wa ini, na narudi kwenye kamera kukaguliwa.

Joto lilirudi vidoleni siku iliyofuata dozi ya mwisho, na dada yangu ndiye aliyeligundua kwanza, akiwa amenishika mkono.