Samaki wa kitoweo Tanga: ununue kwa nani kwanza

Tanga samaki hana bei moja. Changu aliyenadiwa asubuhi kwenye mwalo wa Deep Sea ana bei nyingine soko la Mgandini saa nne, nyingine kwenye baiskeli Makorora saa sita, na nyingine jioni akitoka kwenye karai. Kila hatua inaongezewa barafu, nauli, ushuru, na hofu ya muuzaji kwamba mali itamwozea mkononi. Ukijua hofu hiyo imemkaa nani, unajua pa kununua. Nimepanga hivi kwa ajili ya nyumba ya watu watano au sita wanaotafuta kitoweo cha siku.

Wa kwanza ni mchuuzi wa baiskeli anayepita mtaani kwako kila siku. Najua wengi wangeanza na mnada. Lakini mchuuzi mara nyingi huchukua mali kauli: jioni lazima apeleke fedha za watu, la sivyo kesho hapewi mzigo. Friji hana. Kila saa inayopita inamsukuma apunguze bei. Na kwa kuwa anarudi kwenye baraza zilezile, samaki mmoja mbovu anamkosesha mtaa mzima. Bei yake imezidi kidogo ya mwaloni, ila kwa kilo mbili tu, jumlisha nauli yako ya bodaboda kwenda na kurudi uone kama tofauti inabaki. Mwambie tangu jana unataka nini. Mteja wa kudumu huwekewa.

Hata hivyo mkague. Inua shavu: liwe jekundu kama damu mbichi, likiwa la kahawia, achana naye. Bonyeza mgongo kwa kidole gumba, shimo lijae papo hapo. Jicho liwe limetuna na liwe angavu. Mng'ao wa ngozi usikuhadae, maji ya kunyunyizia hung'arisha hata samaki wa jana. Kuna jambo moja naomba kila mama na baba alijue: jodari, vibua na nguru wakikaa juani hujaa histamini, sumu inayowasha mwili na kuumiza kichwa, na moto hauiondoi hata ukaange wakauke. Saa saba mchana, kwenye tenga lisilo na barafu, chagua changu, tasi au pono.

Wa pili ni mnada wenyewe wa Deep Sea, ukiwa na shughuli: harusi, hitima, au majirani watatu mmechanga. Pale mzigo unakwenda kwa mtungo, tenga au ndoo, na anayeshindana nawe ni mchuuzi anayejua barabara atauza kwa kiasi gani mtaani. Anaponyamaza ndipo faida yake imeishia. Basi msikilize yeye kuliko mnadi. Ukiongeza kidogo juu ya bei aliyoiachia, umepata samaki chini ya bei ya mtaani. Ukiongeza sana, umelipa faida yake bila kuletewa mlangoni.

Tazama na mwezi kabla hujatoka. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo usiku wa giza ndio wao. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu na ndoo inapanda bei. Maji ya bamvua yakitoka, miamba hubaki wazi na pweza hupatikana kwa wingi. Upepo wa kusi ukikaza, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo havithubutu kwenda mbali, na hakuna ujanja wa mnunuzi utakaoshusha bei.

Wa tatu ni mkaanga samaki, kwa anayeishi peke yake. Mafuta na mkaa ukivinunua kwa ajili ya vipande viwili, umeshindwa hesabu. Kukaangwa si dalili ya ubovu. Ndivyo samaki anavyoongezewa siku pasipo friji. Ila nyama ikimeguka ovyo na ngozi imechanika, aliingia karaini akiwa ameshalegea.

Mgandini naiweka ya nne, nzuri kwa kuchagua na kulinganisha, hasa vipande vya nguru. Tuseme changu mzima ni Sh 10,000 kwa kilo na nguru wa vipande Sh 14,000. Changu akitolewa matumbo, kichwa na miiba, hubaki nusu hivi: nyama tupu imekutoka karibu Sh 20,000. Kama kichwa unakipikia supu, hesabu inarudi upande wako.

Mwisho ni vibua wa friza, ambao wengi hutoka nje ya nchi. Ukiona barafu nyekundu imeganda chini ya boksi, waliyeyuka umeme ulipokatika wakagandishwa tena.

Samaki aliyevuliwa kwa baruti sina nafasi ya kumpa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeikataza baruti, nayo huua wadogo kwa wakubwa na kuvunja miamba wanayozaliana. Wengine huzama wasifae mtu yeyote. Bei yake ndogo analipa mvuvi wa Sahare na Tongoni atakayekosa kesho. Mwambie mparuaji ampasue mbele yako: uti wa mgongo uliovunjika, damu iliyotapakaa tumboni na nyama teketeke kwa samaki mwenye jicho zima ndizo alama. Ukiziona, mrudishe hapohapo na udai fedha yako.