Hilux Vigo dabo kebini kwa mtu wa shamba Pemba

Watu wananiuliza sana kama hii gari inafaa huku kwetu au mtu anunue zake Noah, ile gari ndogo ya abiria, abakishe pesa, basi naandika kwa urefu.

Yangu ni Toyota Hilux Vigo dabo kebini, yaani pikapu ya milango minne yenye siti ya nyuma, injini ya 2KD dizeli lita 2.5, gia za mkono tano, niliinunua imeshatumika. Inabeba karafuu, mchanga, watoto wa skuli, na pakiwa na harusi ndo inachukua masufuria na wapishi wake.

Nnaloipendea khasa ni ile gia ndogo ya pembeni: H2 zinavuta tairi mbili za nyuma tu, H4 zinavuta zote nne, L4 zote nne lakini pole pole na kwa nguvu. Pemba ni vilima na mabonde mtindo mmoja, na udongo mwekundu ukirowa unakuwa kama sabuni. Mvua za vuli zikikukuta katikati ya uchumaji uko bondeni na magunia ya karafuu mbichi nyuma, unasimama kabisa, unakanyaga klachi, unatia L4, namba moja, mafuta kidogo tu, gari inajivuta yenyewe pole pole matope yanaruka mpaka vioo vya mlango na wewe huna wasiwasi. Kushuka ndo raha zaidi mana mguu wa breki unauweka pembeni injini ndo inaizuia gari, ukikanyaga breki kwenye utelezi ule tairi zinafunga unakwenda ubavu mpaka kwenye mkarafuu wa watu.

Ila ukifika lami kavu rudisha H2, jamani. Vigo haina difu ya kati, ile inayoziachia tairi za mbele na za nyuma zizunguke kwa kasi tafauti, kwa hivyo ukiwa H4 tairi za mbele na za nyuma zinalazimishwa kwenda sawa hata kwenye kona, usukani unakuwa mzito, tairi zinalika na mwisho unavunja vitu vya ghali. Naona vijana wanatoka Chake mpaka Mkoani na H4 jua kali, roho inaniuma.

Ikiwa tupu inarusha, hilo nasema wazi. Springi za nyuma ni zile za mabapa zimewekwa kwa mzigo, tia magunia matatu manne inatulia kabisa. Siti ya nyuma mgongo wake umesimama, bi mkubwa wangu safari ndefu anataka mbele tu.

Sasa mafuta. Injini hizi nozeli zinapiga dizeli kwa presha kubwa mno, maji na uchafu ndo adui wake. Kuna pahala nilitia dizeli ya madumu, siku ya pili taa ya filta ikawaka. Chini ya filta pana kizibo, unakifungua unakinga na chupa nyeupe, unaiacha itulie, dizeli inakaa juu na maji yanajitenga chini unayaona kwa macho yako. Halafu unapampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka pawe pagumu, unawasha. Mie sisubiri taa tena, namwaga kila baada ya muda, na filta nyengine iko ndani ya gari.

Taimingi belti, ule mkanda unaozungusha shafti ya valvu, unabadilishwa kila kilomita 150,000. Ukinunua ilotumika na muuzaji hana uthibitisho ibadilishe tu, usiamini namba za kwenye dashi, belti ikikatika valvu zinagonga pistoni hapo injini ishaharibika.

Na chumvi! Ukenda Tumbe kuchukua samaki, maji ya yale matenga yanachirizika mpaka kwenye chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, siku ile ile ioshe kwa maji baridi ya bomba, tena chini, pitisha mpira ndani ya yale matundu ya chesisi mpaka maji yatoke safi.

Kama safari zako ni Chake na Wete juu ya lami usinunue, utalipia mafuta na matairi bure. Mwenye shamba la ndani ndani achukue, ila kabla hajatoa pesa fundi alale chini ya gari agonge chesisi kwa nyundo ndogo, khasa karibu na springi za nyuma, pakilia butu au pakidondoka magamba ya kutu aiache hata ikiwa bodi inang'ara.