Uzoefu wangu na kibodi ya kwenye skrini ya Windows, na kwa nini za kuchakachua sigusi

Mi nipo steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, laptop ya kazi ikagoma herufi A na K, sa fikiria unachapa barua ya Kiswahili bila A! Kibodi yake mpaka iagizwe Dar, kwa hiyo natumia ile ya kwenye skrini ambayo tayari imo ndani ya Windows, hulipii wala hupakui kitu, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja inatokea.

Uzuri wake herufi nzima unaendelea kuzichapa kwa vidole kama kawaida, zile mbovu tu ndo unaklik kwa mausi. Hata paswedi ya kuingilia unaandika nayo. Ubaya inakula skrini, ingawa unaweza kuivuta ikawa ndogo au ukabonyeza Fade ikafifia, na kazi ya kurasa nyingi inachosha mkono kwa kweli, hapo chomeka kibodi ya USB.

Sasa kuna kijana alikuja na flashi ina kibodi nyingine, ile ya kulipia ila imechakachuliwa, mapambo kibao. Maelekezo ya kwanza: zima antivairasi. Nikamwambia hapana, hiyo haiingii humu. Jamani kibodi inaona kila unachoandika! Hapa watu wanaomba ajira, wanafunzi wanaomba mkopo HESLB, namba za NIDA, paswedi za imeili, vyote vinapita kwenye mashine hii hii, na aliyechakachua hiyo programu hatumjui, akipachika kitu cha kukusanya hayo yote nani atagundua? Na wanaosema kibodi ya skrini inazuia wizi wa paswedi wajue kuna virusi vinapiga picha skrini yenyewe. Halafu kuna kirusi kinaitwa STOP/Djvu, hiki kimesambaa sana kwa programu za kuchakachua, kinafunga mafaili yako halafu wenye nacho wanadai pesa ndo wayafungue, wamewahi kudai dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 wanasema 490. CV za watu zote hizo!

Kitu kingine nilichokipenda kwenye hii ya Windows, ukiingia Options kuna Hover over keys, unaweka mshale juu ya herufi, unasubiri kidogo inajiandika bila kuklik. Kuna mzee mteja wetu mikono inamtetemeka, nilimuwekea hiyo na sasa paswedi yake anaandika mwenyewe, hanitajii tena.