TAHADHARI: Alituuzia siku sita za Kilimanjaro, getini akatulipia tano

Ndugu zangu mnaojiandaa kupanda Kilimanjaro Desemba hii, someni hili kabla hamjamtumia mtu hela. Kila inapokaribia Desemba 9 matangazo ya safari za mlimani huwa mengi, maana wengi wetu tunatamani kuamkia kilele cha Uhuru, pale juu ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge mwaka 1961. Hamu hiyo ndiyo muuzaji wa safari aliyetutapeli anayoifanyia biashara.

Jina lake sitaliandika, wala la hiyo anayoiita kampuni. Tuna RB, shauri liko polisi, na sitaki apate pa kusemea kwamba tumemchafua kabla halijasikilizwa. Nitaeleza anavyofanya kazi, na atakayekutana naye atamtambua.

Tulikuwa wanane, watu wa ofisi moja Dar es Salaam na jamaa zetu wawili. Tangazo tuliliona Instagram: njia ya Marangu, siku sita usiku tano, Sh950,000 kwa kila mtu, kila kitu ndani. Ada za hifadhi, chakula, mwongozaji na wasaidizi wake, wapagazi, mtungi wa oksijeni, nguo za baridi za kukodi, gari kutoka Moshi hadi getini na kurudi. Kwa Mtanzania bei hiyo haishtui, maana ada za hifadhi sisi tunalipa kwa shilingi na ni ndogo mno ukilinganisha na za wageni. Angetangaza laki tatu tungemkimbia. Bei yake ilifanana na ya mtu mkweli, na hapo ndipo alipotupatia.

Tukamlipa Sh7,600,000 kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza nilituma mimi. Nilishaandika kiasi, simu ikaleta jina la mwanamke nisiyemjua kabla sijaweka namba ya siri. Nikasitisha, nikampigia. Akajibu palepale kwamba huyo ni mhasibu wao, laini ya kampuni inasajiliwa upya. Nikarudi, nikaweka namba ya siri. Leseni nayo alituma: picha ya karatasi iliyopigwa upande upande, kidole gumba kimekaa juu ya mwaka. Mwenzetu mmoja akauliza mbona jina la leseni si lile la tangazo, akaambiwa hiyo ndiyo kampuni mama. Hakuna aliyeuliza tena.

Tulipofika geti la Marangu ndipo mambo yalipoanza kuonekana. Pale kila mtu anaandikishwa kwenye kitabu kabla ya kuanza kupanda. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, na kibali cha kundi letu kilikuwa mezani mbele ya mwongozaji. Nikakisoma kikiwa kimegeukia upande wake: watu 8, usiku 4. Jina la kampuni lililoandikwa lilikuwa la tatu, si la tangazo wala la ile leseni. Nikamuuliza mwongozaji. Akatazama pembeni, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mimi nimeitwa jana jioni. Karatasi nimeikuta hivyo." Nikampigia muuzaji. "Huo ni mfumo tu, mkuu. Usiku wa tano tunauongeza mkifika Horombo." Mizigo ilishapimwa, wenzangu walishaanza kupiga picha, nami nikakubali. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu ya yaliyompata mwenzetu.

Naomba nieleze siku moja ina uzito gani kule, maana wengi tunaiona kama siku ya kukaa tu. Marangu unalala Mandara, mita 2,720. Kesho yake Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, mita 4,720. Kila hatua ni mita 1,000 juu ya jana. Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishapita mita 3,000, pale unapolala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku moja. Kwa hiyo njia hii tayari inaukimbiza mwili. Ile siku ya ziada Horombo, ambapo asubuhi unapanda taratibu hadi kwenye miamba yenye milia inayoitwa Zebra Rocks, karibu mita 4,000, halafu unarudi kulala palepale, ndiyo nafasi ambayo mwili unapata kuizoea hewa nyepesi kabla ya Kibo. Siku tano Marangu si kosa, watu hupanda hivyo. Lakini anayepanda hivyo awe amechagua mwenyewe, akijua. Sisi tuliitaka ya sita, tukailipia ya sita, kwa kuwa wengi wetu tumezaliwa na kukulia pwani na tulikuwa hatujawahi kulala juu ya mlima.

Horombo usiku wa pili haukuwepo. Vitanda vya mabanda hulipiwa kabla, na sisi hatukulipiwa. Dada mmoja katika kundi letu aliamka na kichwa kinamgonga, chai ikamshinda. Nikatafuta mtandao, nikampigia muuzaji. Jibu lake: "Ameze Diamox aendelee, wote huwa hivyo." Diamox ni dawa ya kweli, inausaidia mwili kuzoea mwinuko, na daktari akikuandikia utaitumia kabla na wakati wa kupanda. Haiwi badala ya siku uliyonyang'anywa, na si ya kumezwa ili uendelee kupanda huku dalili zinazidi.

Kutoka Horombo hadi Kibo ni karibu kilomita 10 za jangwa tupu, kilele cha Mawenzi kulia kwako, upepo usokoni. Kibo hakuna maji, yote hubebwa na wapagazi kutoka chini. Yule dada alifika jioni akiwa ametapika mara tatu. Saa nne usiku, tulipoamshwa kujiandaa kwa kilele, alishindwa kufunga kamba za viatu. Msaidizi wa mwongozaji, kijana mdogo tu, akamwambia atembee kwenye mstari wa ubao wa sakafu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya pili akaangukia kitanda. Kijana akamuuliza swali, yeye akajibu jambo jingine. Kijana akasema, "Huyu anashuka sasa hivi. Si kesho, sasa." Kuyumba kama mlevi na kuchanganya maneno ni dalili za ubongo kuvimba kwa sababu ya mwinuko, na mtu akisubiri asubuhi anaweza asiione.

Tukadai oksijeni, maana ilikuwa kwenye bei. Mfuko ukaletwa, mtungi ukatolewa, barakoa ikiwa bado kwenye nailoni. Kijana akafungua koki. Mshale wa geji ulikuwa kwenye sifuri na haukutikisika. Mtungi mtupu ulipandishwa mlima mzima mgongoni mwa mtu ili sisi tuuone kwenye mizigo.

Alishushwa kwa machela ya gurudumu moja, wanaume wanne gizani, tochi za kichwani, mimi nyuma nimeshika begi lake. Tulipokaribia Horombo alianza kuniita kwa jina langu. Hospitali Moshi alikaa siku mbili, na namshukuru Mungu leo yupo kazini. Wenzetu watano walifika Uhuru, mita 5,895. Siwaonei wivu, lakini kwa safari ya siku sita wangefika wakiwa salama zaidi.

Nisiwasahau wagumu, kama wapagazi wanavyojiita. Muuzaji aliahidi kumi na sita, wakaja kumi. Mzigo wa mpagazi mwisho ni kilo 20 na getini unapimwa, lakini tulipoingia msituni niliona mafurushi yakifunguliwa na kugawanywa upya. Mmoja wao aliniambia safari iliyopita ya huyuhuyu mtu hawakulipwa hadi leo, na hii amekuja kwa sababu ada ya shule ya mtoto imefika. Begi langu la kulalia lilikuwa na zipu mbovu, chakula kilikuwa kidogo. Hayo nayapitia tu, hayafanani na mtungi ule.

Tulipomdai tofauti ya siku moja, gharama za hospitali na malipo ya wapagazi, alisoma ujumbe, akatufungia namba zetu, kisha akajitoa kwenye kundi la WhatsApp. Namba aliyopokelea hela tumeitoa taarifa kwa kuituma 15040. Yule mama wa jina la mhasibu simu yake haipatikani.

Kama unataka kwenda, nenda, mlima ni wetu. Ila malizia malipo ukiwa umeona vitu hivi kwa macho. Ada za hifadhi hulipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Mwambie muuzaji akuoneshe stakabadhi yenye idadi ya watu na idadi ya usiku, nawe uhesabu kwa vidole: siku sita lazima ziwe na usiku tano. Akikwambia "ni mfumo", acha safari hapohapo hata kama mabegi yamepakiwa. Hela ya kundi iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, na jina hilo ndilo liwe kwenye leseni ya biashara ya utalii ya mwaka huu, ambayo wengi bado wanaiita TALA. Usajili wa kampuni unaweza kuutafuta kwenye mfumo wa BRELA ukiwa kitandani kwako. Makao makuu ya KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, yako palepale Marangu. Piga au nenda uulize kabla ya siku ya safari, si ukiwa kwenye foleni kama mimi.

Omba kuongea na mwongozaji mwenyewe wiki moja kabla. Mwongozaji aliyeitwa jana jioni hajui nani kati yenu ana pumu, nani ana presha, nani hajawahi kulala kwenye baridi. Muulize mtungi wa oksijeni umejazwa lini, na siku ya kuondoka Moshi ufunguliwe mbele yenu muone mshale. Mbebe kipima oksijeni cha kidole na mjue nani atakisoma kila jioni. Na mkubaliane mapema, kundi zima, kwamba mtu akianza kuyumba au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, anashushwa bila kumuuliza aliyeko Dar na simu yake.

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Jana mdogo wangu amenitumia tangazo jipya, jina jipya la kampuni, namba mpya, safari ya Desemba 9, siku sita usiku tano. Picha waliyoweka ni yetu. Tuliipiga kwenye kibao cha Horombo na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, muuzaji naye akiwemo. Watu wanane, mmoja kavaa kofia ya sufu ya njano. Wa tatu kutoka kushoto ni dada aliyejishika kipaji cha uso. Watu watadhani anakinga jua. Mkiiona picha hiyo popote, msitume hata shilingi, na nitumieni namba iliyo chini yake nimpelekee mpelelezi wetu.