TAHADHARI: Fundi wa "kufungua breki" anayezunguka Kisauni hadi Mtwapa

Jamaa zangu wenye magari ya zamani, someni hii kabla hamjamwita mtu. Nina hasira na nina aibu, lakini nikinyamaza atamuua mtu.

Ile Datsun 240Z yangu mnaijua, na mnajua imekaa vipi bila kutembea. Magurudumu yote manne yalikuwa yameng'ang'ana. Kwa chumvi ya Pwani, handibreki ikiachwa juu, viatu vya breki, vile vipande vinavyobana kuzuia gurudumu, hushikana na dramu, lile bakuli linalovifunika, kwa kutu utadhani vimechomelewa.

Nikamwita fundi huyu, na nataka mwelewe kwa nini nilimwamini. Hakuja na nyundo kubwa. Mbele, kabla hajagusa kalipa, yaani kibano cha breki, alifungua nipo, ile skrubu ya kutolea maji ya breki, robo mzunguko. Maji ya breki yakaruka, meusi kama ukwaju, gurudumu likalegea papo hapo. Akasema ni hozi, ule mpira wa kupitisha maji ya breki, umevimba ndani, presha inakwenda lakini hairudi. Kweli tupu. Nyuma alilegeza kwanza kebo ya handibreki, akarudisha ajasta inayosogeza viatu karibu na dramu, akapulizia dawa ya kutu pale dramu inapokalia habu, kitovu cha gurudumu, akaiacha ipenye. Kisha nyundo ya mbao, baina ya stadi, zile bolti za kufungia gurudumu, wala hakugusa ukingo, maana dramu za nyuma za gari hili ni aluminiamu yenye pete ya chuma ndani, na ukingo wake hupasuka. Zilipokataa, akatia bolti mbili za milimita 8, uzi wa 1.25, kwenye yale matundu mawili ya dramu, akazikaza kwa zamu, nusu mzunguko huku, nusu kule. Dramu ikatoka inalia. Mtu wa kazi hiyo nani angemshuku?

Nikaenda kuswali Alasiri. Kurudi, magurudumu yameshafungwa, nyuma iko juu ya stendi. "Mzee, njoo uzungushe mwenyewe. Kidole kimoja tu." Nikazungusha. Likaenda, likaenda, kimya, halikukwaruza popote. "Haya, kanyaga pedali." Ngumu, iko juu, haizami. Akanionyesha maboksi mawili ya viatu vipya, matupu, na viatu vya zamani akasema vimeshatupwa. Nikamtumia shilingi 28,000 pale pale nimesimama, na mkono nikampa.

Ule ukimya ndio ulitakiwa unishtue. Viatu vipya vikisetiwa sawa hugusa kidogo, wasikia shh, shh kila mzunguko.

Siku ya tatu, mteremko wa feri Likoni. Navuta handibreki, inakuja juu nyepesi kama kamba iliyokatika, na gari linateremka kumfuata tuktuk mbele yangu aliyepakia mama na watoto. Breki za mbele ndizo zilizolishika. Nyumbani nikafungua dramu: hamna kiatu, hamna springi, hamna silinda ya gurudumu inayosukuma viatu. Bamba tupu, kushoto na kulia! Na kwenye kiungo cha paipu inayokwenda nyuma, golori la baiskeli limetiwa ndani na nati kukazwa juu yake. Ndiyo maana pedali ilikuwa ngumu: maji ya breki ya nyuma hayana pa kwenda, masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, inasukuma kalipa za mbele peke yake. Wallahi nimeikanyaga pedali hiyo nikaisifu.

Na si hayo tu. Kopo la masta silinda amelijaza mafuta ya hydraulic. Dondosheni tone kwenye glasi ya maji: maji ya breki halisi, DOT 3 au DOT 4, huyeyuka yakachanganyika, mafuta huelea. Mafuta hayo huvimbisha kila mpira. Sasa kuosha paipu hakutoshi, lazima nibadilishe mipira ya masta silinda, ya kalipa, na hozi zote.

Huyu si mwizi wa spea tu. Mwizi angeng'oa usiku akaenda. Yeye ameng'oa breki za gari mchana, akafunga magurudumu, akanikabidhi ufunguo niendeshe. Nimeandikisha OB polisi, na sitaki kurudishiwa pesa tukasuluhishana, nataka afikishwe mahakamani. Mwenye kumjua asimfiche.

Dalili zilikuwapo: namba ya kutumia pesa ina jina la mtu mwingine, hataki usimame naye nyuma ikifunguliwa, kifaa cha zamani hukioni. Msilipe mpaka dramu ifunguliwe mbele yenu. Nyuma iwe juu, mmoja akanyage pedali, mwingine azungushe: likizunguka, hakuna breki.

Gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari Rally 1971 na 1973, na spea zake zinatafutwa, kwa hiyo atauza. Mkiletewa jozi ya silinda za nyuma, tazameni nipo la kushoto: pembe zake zimeliwa na spana ya paipu, zimebaki mbili tu. Hizo ni zangu. Mzuieni hapo hapo, mnipigie.